Saa Moja ya Jioni: Kutembea, Kukaa Barazani, au Kulala Mapema?

Mtu anayefika nyumbani kutoka kazini saa 12 jioni, akaoga, akala chakula cha usiku na kuingia kitandani saa 5, huwa amebakiwa na saa moja tu iliyo yake kweli, ile isiyodaiwa na mwajiri, watoto wala jiko. Wengi wetu huitoa saa hiyo kwa simu au runinga bila kuamua, na tunapoanza kufikiria umri na afya, hasa baada ya kupimwa na kuambiwa kuwa presha imepanda, ndipo tunapouliza ingefaa kutumiwa kwa jambo gani. Majibu yanayotajwa mara kwa mara ni matatu: kutembea kwa miguu, kukaa na watu, na kuirudisha saa hiyo kitandani kwa kulala mapema. Yote matatu ni mema, lakini saa ni moja, kwa hiyo nayalinganisha hapa kama mtu anavyolinganisha vitu kabla ya kununua, kwa kuangalia faida ya kila kimoja, gharama yake, na kinamfaa nani.

Sitayaingiza katika ulinganisho huu mambo yasiyo na mpinzani. Sigara ni ya kuachwa, chumvi ni ya kupunguzwa hadi chini ya gramu 5 kwa siku kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na aliyeandikiwa dawa za presha azimeze kila siku hata anapojisikia mzima. Hayo hayahitaji saa ya jioni.

Kutembea

Kati ya haya matatu, mwendo wa mwili ndio uliochunguzwa kwa njia iliyo rahisi kuieleza, na maelezo yake yanaanzia ndani ya basi. Jijini London, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris alifuatilia afya ya wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000, na mwaka 1953 alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba madereva, waliokaa kitini karibu zamu nzima, walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, ambao katika yale mabasi ya ghorofa walipanda ngazi kati ya 500 na 750 kila siku ya kazi. Ninampenda mtafiti huyu kwa sababu hakuridhika na jibu lake mwenyewe. Mwaka 1956 alizirudia kumbukumbu za sare za wafanyakazi hao, akakuta kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makondakta wa umri uleule, hata miongoni mwa vijana, jambo linaloashiria kwamba sehemu ya tofauti ile huenda ilikuwepo kabla mtu hajashika usukani. Tahadhari hiyo inafaa kukumbukwa kila tunaposoma kwamba watembeaji huishi zaidi, kwa kuwa aliye mzima ndiye anayeweza kutembea, na mgonjwa hukaa. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata, zilizojitahidi kuiondoa kasoro hiyo, zimeelekea upande uleule, na Morris mwenyewe, aliyekuwa mpenzi wa mazoezi, alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Zile hatua 10,000 zinazotajwa na simu zetu hazikutoka hospitalini. Zilitoka Japani, mwaka 1965, kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wanawake karibu 17,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72, wakakuta kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kwa asilimia 41, katika kipindi cha miaka minne hivi, kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi kwenye hatua 7,500 kisha ikatulia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Kwa hiyo saa moja ya jioni, siku tatu kwa wiki, inatosha kabisa kukivuka kiwango cha chini.

Kwa upande wa moyo kwa maana ya hisia, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya tafiti 15 na watu zaidi ya 191,000, ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi yanayolingana na saa mbili na nusu za kutembea kwa kasi kila wiki walikuwa na hatari ya sonona iliyo chini kwa asilimia 25 kuliko wasiofanya chochote, na waliofanya nusu ya kiasi hicho walipata nafuu ya asilimia 18. Sehemu kubwa ya faida, basi, hupatikana katika hatua za mwanzo, na hilo ni jambo jema kwa mtu anayeona haya kuanza kwa dakika kumi.

Ugumu wa kutembea uko nje ya mlango. Katika ukanda wetu ulio karibu na Ikweta jua huzama mapema mwaka mzima na giza huingia haraka, njia za waenda kwa miguu ama hazipo ama zimejaa bodaboda na meza za biashara, na mwanamke anayetoka peke yake gizani analazimika kufikiria usalama kabla ya afya. Kwa wengi suluhisho ni alfajiri, au kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya nyumbani wakati bado kuna mwanga.

Kukaa barazani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hiki ndicho kitu ambacho jamii zetu zilikuwa nacho kwa wingi, na ndicho tunachokiacha kwa wepesi mkubwa zaidi tukidhani si suala la afya. Baraza, kwa maana yake ya pwani, ni kile kibao cha mawe kilichojengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, kama vinavyoonekana hadi leo Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambapo watu hukaa baada ya sala ya alasiri au magharibi kwa kahawa chungu, kashata, bao na mazungumzo. Bara tunasema kijiwe. Wanawake wana mabaraza yao yasiyo na jina hilo: upatu, kikoba, kusukana nywele uani, kwaya, madrasa ya kina mama, jumuiya ndogo ndogo, na zile siku tatu za kukaa matangani ambazo hakuna anayeziita tiba ingawa zimewaokoa wengi.

Uchunguzi mrefu kuliko yote ninayoijua kuhusu maisha ya watu wazima ulianza Boston mwaka 1938. Kundi la kwanza lilikuwa wanafunzi 268 wa Harvard, na la pili vijana 456 kutoka mitaa maskini ya jiji hilo, na wote wakafuatiliwa kwa miongo mingi kwa mahojiano, vipimo vya damu na kumbukumbu za hospitali. Robert Waldinger, mkurugenzi wa nne wa uchunguzi huo, ameeleza kwamba watafiti walipotazama nyuma kutoka umri wa miaka 80, kilichotabiri vyema nani angekuwa mzima si kiwango cha lehemu (kolesteroli) katika damu alipokuwa na miaka 50, bali kuridhika kwake na uhusiano wake na watu katika umri huo. Ni kweli kwamba waliochunguzwa mwanzoni walikuwa wanaume weupe peke yao, wa jiji moja la Marekani, na mtu ana haki ya kuuliza yanamhusu nini mama wa Morogoro. Lakini mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 308,000 kutoka nchi mbalimbali, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 50 wa kuwa hai mwishoni mwa kipindi cha uchunguzi. Mwaka 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii ilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Namna inavyofanya kazi haina muujiza. Mtu anayejihisi hana mtu hukaa katika hali ya tahadhari, homoni za msongo hubaki juu, presha haishuki inavyopaswa, na usingizi huwa wa kushtuka-shtuka. Kuna na sababu nyingine ya kawaida zaidi, ambayo ni kwamba barazani mtu huonekana. Asipofika siku mbili huulizwa, akionekana amekonda huambiwa, na mkono wake ukilegea ghafla katikati ya bao kuna watu wanne wa kumkimbiza hospitali. Anayekaa peke yake hugundua ugonjwa wake mwenyewe, na mara nyingi huchelewa.

Niliwahi kuwa na jirani, mzee mstaafu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kijiwe chetu, kisha akaacha kuja. Tulidhani ana shughuli za shamba. Ilichukua miezi kujua kwamba aliona aibu, kwa kuwa zamani yeye ndiye aliyekuwa akinunulia wenzake kahawa, na sasa pensheni haikumruhusu, naye hakuweza kuwa mtu wa kununuliwa tu. Aliyemrudisha ni kijana mmoja aliyemwomba aje amfundishe bao, akawa na kitu cha kutoa tena. Ninaisimulia habari hii kwa sababu watu husema kukaa na watu hakuna gharama, na si kweli. Gharama yake ni heshima, na hulipwa kwa namna ambayo mwenye mguu wa kutembea haijui.

Zipo na gharama nyingine. Kuna vijiwe ambavyo kinachowakusanya watu ni pombe, miraa au sigara, na hapo faida ya urafiki huliwa na kinachotumiwa. Kashata na chai yenye sukari nyingi si rafiki wa mwenye kisukari. Kuna na mazungumzo yanayomrudisha mtu nyumbani akiwa na hasira kuliko alivyoondoka. Zaidi ya yote, saa ya mume barazani mara nyingi imelipiwa na mke aliyebaki na vyombo na watoto, na sioni vipi tunaweza kuihesabu kuwa afya ya kaya ikiwa inamwongezea mmoja na kumpunguzia mwingine. Nyumba ambazo wawili hupeana zamu, leo yeye kikobani na kesho mwenzake kijiweni, zimelitatua jambo hili bila kusubiri utafiti.

Kulala mapema

Usingizi hauna mvuto wa kusimuliwa, lakini ndio unaotoa matokeo kwa haraka zaidi. Jumuiya mbili za wataalamu wa usingizi za Marekani zilikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa usiku, na kwamba kulala pungufu ya hapo kwa mazoea kunahusishwa na kuongezeka uzito, kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na sonona. Usiku, kwa mtu mwenye afya, presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, na hiyo ndiyo mapumziko pekee ambayo mishipa huyapata. Tena, anayelala vibaya huamka na hisia nyepesi kukwaruzwa: neno dogo la mwenzake huwa kubwa, na mtoto hupigiwa kelele kwa kosa ambalo siku nyingine lingechekesha.

Wapo wanaosema kwamba wazee wa zamani walilala jua linapozama, kwa hiyo taa ndiyo imetuharibu. Jambo hili limepimwa hapa hapa Tanzania, kwa Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi bila umeme. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, ulikuta kwamba walilala kwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1, wakiingia kulala saa kadhaa baada ya magharibi. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine wa Wahadza watu wazima 33, kwa siku 20, ulikuta kwamba wote walikuwa usingizini kwa wakati mmoja kwa dakika 18 tu; muda mwingine wote alikuwepo walau mmoja aliye macho, kana kwamba kambi ina mlinzi. Mimi huwapa habari hii wazee wanaolalamika kwamba huamka saa 9 usiku wakidhani wana ugonjwa, kwa sababu kuamka kidogo usiku ni sehemu ya ubinadamu, na wasiwasi juu ya kuamka huko ndio unaowanyima kurudi kulala.

Kulala mapema hakugharimu fedha, ila kunahitaji masharti. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kahawa ya saa 2 usiku bado inafanya kazi saa 7. Kitanda kilichoongezewa saa moja hakimfai mtu ambaye tatizo lake si uchache wa muda bali ni kukosa usingizi akiwa kitandani. Huyo akienda mapema ataongeza tu saa ya kugeuka-geuka. Na anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika kisha akashtuka, aende akapimwe, kwani hata akilala kwa muda wa saa 9 ataamka amechoka.

Yakiwekwa pamoja

Ni nadra kupata mahali ambapo mambo haya yamepimwa kwa kipimo kimoja, lakini pale Pittsburgh, Marekani, mwanasaikolojia Sheldon Cohen alifanya jambo linalokaribia hilo. Mwaka 1997 yeye na wenzake waliwatilia watu 276 wazima matone yenye virusi vya mafua puani, kisha wakahesabu nani ameugua. Wenye aina chache za mahusiano, moja hadi tatu, walikuwa katika hatari mara 4 hivi ya wale wenye aina sita au zaidi, yaani mtu ambaye ni mzazi, jirani, mfanyakazi mwenza, muumini, mwanachama na rafiki kwa wakati mmoja. Mwaka 2015, Aric Prather akishirikiana na Cohen alichapisha jaribio la namna hiyohiyo kwa watu 164, safari hii wakiwa wamepimwa usingizi, na waliolala chini ya saa 6 walipata mafua kwa uwezekano wa mara 4 hivi kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Mafua si kifo, na tarakimu za majaribio mawili tofauti hazipaswi kupambanishwa kama mabao ya mpira. Kwangu zinatosha kuonyesha kwamba wala baraza si anasa wala usingizi si uvivu.

Kwa kasi ya matokeo, usingizi unashinda, kwa kuwa mtu huweza kuhisi tofauti ndani ya wiki. Mwendo hufuata, mwili ukizoea kwa wiki kadhaa. Na mahusiano ni ya mwisho, kwani urafiki hauanzi na kukomaa ndani ya mwezi. Kwa kudumu, mpangilio hugeuka. Nimewaona watu wengi wakiacha kutembea baada ya mvua za kwanza za masika, na karibu kila mtu hurudia kukesha kwenye msiba, mpira au simu, lakini mtu mwenye wenzake wanaomsubiri hurudi hata bila kujilazimisha. Ndiyo maana, kwa mtu ambaye hana upungufu wa wazi upande wowote, chaguo langu ni vikundi vya kutembea au vile vya jogging vya Jumamosi alfajiri, ambapo saa moja inafanya kazi mbili.

Wenye upungufu wa wazi wasinifuate hapo. Dereva, mlinzi au muuguzi anayefanya zamu za usiku, na mama mwenye mtoto mchanga, wanahitaji kitanda kabla ya kitu kingine, na kumwambia mama huyo akatembee kwa afya ya akili yake huku hajalala ni kumwongezea mzigo. Ampatie mtu mtoto, alale. Mfanyakazi wa ofisini anayekaa kitini mchana kutwa, tena anazungumza na watu hadi wanamchosha, na analala saa zake 7, huyo aende akatembee, na ana ruhusa kamili ya kutembea peke yake kimya. Mstaafu, mjane, mgeni mjini, na Mswahili anayefanya kazi Muscat au Toronto ambaye siku tatu hupita bila kusikia jina lake likiitwa, hao saa yao iende kwa watu, hata kama mwanzoni itaonekana ni kupoteza muda.

Kuna hali moja ambapo saa hii haitoshi, hata igawanywe vipi. Mtu aliyekaa wiki mbili au zaidi na huzuni isiyoondoka, au aliyepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, au anayefikiria kufa, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya bila kusubiri, na wazo la kufa lisikae hata siku moja bila kuambiwa mtu. Nako huko tiba inaweza kuanza na kibao cha kukalia. Huko Mbare, Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 wa mtaani kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Kishona hukiita kufungisisa, yaani kuwa na mawazo kupita kiasi, wakiwa wameketi nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililofanyika katika zahanati 24 na washiriki 573, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kati ya waliokaa na bibi hao, na asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida.